Arlys Thorsgaard na Kura Moja Iliyozidi

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na muziki. Zima mashine ya kufulia, weka kikombe cha kahawa chini, unisikilize. Arlys Thorsgaard amefariki. Karani wetu hapa Vesterby kwa miaka thelathini na mmoja amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Arlys, wa ofisi ile nyuma ya gari la zimamoto.

Mimi ni Duane Pribyl. Sauti yangu mnaijua. Leo itakwaruza, mnivumilie.

Arlys alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akaolewa shamba la pili, na ukarani akaupokea mwaka ambao hakuna mwingine aliyeutaka. Kazi yake ilikuwa leseni za mbwa, malalamiko ya theluji, na kila baada ya miaka minne, rais wa Marekani. Ndiyo, rais. Nchi kubwa namna hii, na kura za rais wake zinaanza kuhesabiwa na mama mmoja katika ukumbi unaonuka samaki wanaokaangwa humo kila Ijumaa. Wengine hucheka. Mimi naona hapo ndipo uzuri ulipo. Utawaibia vipi majirani wanaojua mpaka namba ya viatu vyako? Chama hiki kina mtu wake pembeni, chama kile kina wake, na Arlys katikati anawaambia, "Kutazama ni bure, tazameni mpaka mchoke. Ila mikono mfukoni."

Uzuri huo una mwiba. Hapa Wisconsin, anayeshinda kwa kura moja anachukua wajumbe wote kumi wa kumchagua rais. Aliyeshindwa habakiziwi hata mmoja. Binti yake Arlys, Renae, anaishi California. Ameniambia hivi juzi: "Huku kwetu kura yangu ni chumvi baharini. Kwenu kura moja inaletewa mawakili wanne. Nilikuwa namwambia mama, ninyi mnapendelewa. Baada ya mwaka ule sikumwambia tena."

Mwaka ule, wasikilizaji, mnaukumbuka. Ni miaka minane sasa. Jimbo zima lilining'inia kwenye kura chache, na ikaamriwa kura zote zihesabiwe upya, kwa mkono. Wiki ile ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, wakaja hapa watu wenye makoti marefu na viatu visivyojua theluji. Simu ya Arlys ikaanza kulia. "Tunaijua gari yako." "Tunakuona." Siku moja akakuta sanduku lake la barua limepakwa rangi nyekundu: MWIZI. Hesabu ilikuwa haijaanza hata.

Wakahesabu asubuhi nzima. Ukumbi ulijaa. Daftari la wapiga kura, ambamo kila anayepokea karatasi huandikiwa namba, lilisema wamepiga kura watu mia nne na kumi na wawili. Karatasi zilikuwa mia nne na kumi na tatu. Nasema tena: watu mia nne na kumi na wawili, karatasi mia nne na kumi na tatu. Moja imezidi.

Sheria yetu juu ya jambo hilo ni ya ajabu, lakini ni sheria. Kama hakuna maelezo ya karatasi iliyozidi, zote zinarudishwa kwenye sanduku, mtu anaingiza mkono bila kutazama, anatoa moja, na hiyo haihesabiwi. Yoyote itakayotoka. Inaweza kuwa yako.

Arlys akafungua daftari kurasa mbili. Kisha akasema, "Ni yangu. Nilipiga kabla milango haijafunguliwa. Jina langu halina namba."

Wakili mmoja akaruka. "Unasema wewe, mama. Daftari halisemi. Nani alikuwa ameshika daftari asubuhi hiyo?"

Mezani siku ya uchaguzi, mbali na Arlys, tulikuwa watu wanne. Arlys alitutazama, akasema, "Karani ni mimi. Daftari ni langu."

"Sikuuliza la nani," wakili akasema. "Kama yupo aliyemwona akipokea karatasi, aape sasa hivi, tuiandike namba, tuendelee. Yupo?"

Hakuna aliyeinuka.

"Basi chota," wakili akasema.

Arlys akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa karatasi, na kabla hajaiweka mezani ukumbi mzima ulikuwa umeshaguna. Ilikuwa na wino wa kijani. Hapa Vesterby mtu mmoja tu alitumia wino wa kijani: mzee Elwood Kiesling, aliyepima jibini kiwandani miaka arobaini na kuitia alama kwa kalamu hiyo. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, na siku ile ya kura alikuja na kigari chake cha kujishikia akitembea, akikataa kusaidiwa kupanda ngazi. Alimchagua nani, sitasema. Hiyo ni haki yake hata kaburini.

Jioni Arlys akavaa koti akaenda kwa mzee Elwood. Renae alikuwa nyumbani kwa sikukuu, akamfuata. Ananisimulia:

"Mama hakukaa hata. Akasema, 'Mzee Elwood, kura yako haimo. Nimeitoa kwa mkono wangu.'

"Mzee akasema, 'Nimepanda ngazi zile na goti hili, halafu ukaitupa?'

"'Haikutupwa. Imewekwa kwenye bahasha. Haihesabiwi.'

"'Tofauti ni ipi?'

"'Hakuna.'

"Mzee akauliza, 'Umejua ni yangu kwa wino. Kama ningetumia mweusi kama wenzangu, ungekuja?'

"Mama akasema, 'Ningebisha nyumba zote.'

"Mzee akafunga mlango."

Majira yote ya baridi Arlys alimpelekea supu ya mbaazi. Supu aliipokea. Salamu hakuipokea. Mwaka wa pili wake mzee Elwood alifariki, kabla ya uchaguzi mwingine wa rais. Kura ile ya kijani ilikuwa ya mwisho kwake, na haikuhesabiwa.

Na Arlys? Kuna waliohama benchi lake kanisani. Kuna waliomwita mjinga, na waliomwita mwizi mpaka juzi, na baadhi yao walipiga simu hapa redioni nami nikawaacha waseme. Aliendelea kufungua ofisi saa mbili kamili asubuhi mpaka alipostaafu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo sauti inakwaruza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka minane. Aliyeshika daftari asubuhi ile nilikuwa mimi. Wenzangu watatu walikuwa nje wakipanga vibao vya kuelekeza wapiga kura. Mimi nilimpa Arlys karatasi, nikamtania, nikasahau kuandika namba. Wakili alipouliza nani alimwona, nilikuwa safu ya pili, nimekalia mikono yangu. Niliogopa rangi nyekundu. Arlys alinitazama mara moja tu, akaingiza mkono kwenye sanduku. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Renae, pole sana. Kosa halikuwa la mama yako. Lilikuwa langu. Jamaa wa mzee Elwood, nawaomba radhi ninyi pia, najua imechelewa.

Mashine zetu za kura zinabishaniwa, mawakili wanabishaniwa, wajumbe kumi wanabishaniwa, na ni haki vibishaniwe. Lakini mimi nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Kila mmoja na ajiulize ni ipi anayoikalia yeye.

Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisa la Kilutheri. Mimi nitasimama mlangoni. Mwenye neno la kuniambia anikute hapo, sitaondoka.