Sifa za Kiingereza

Basi la kwenda Patiala, mji wa Punjab, lilikuwa limejaa, na Gurmeet, aliyepakata furushi lake la nyuzi za kudarizi, hakuwa na pa kupeleka masikio ila kwa wanafunzi wawili wa kike waliokaa mbele yake.

"Yule mwalimu mgeni kakusifu kwa Kiingereza, darasa zima likisikia, kwamba insha yako nzuri mno," alisema mwenye miwani. "Nawe ukamjibu nini, Simrat?"

"Nikasema si kazi yangu, ni ya kaka yangu. Si ndivyo tunavyosema nyumbani?"

"Nyumbani, sawa! Yeye kaamini. Leo unaitwa kwa mkuu wa chuo, eti umeandikiwa. Hiyo adabu yako itakufukuzisha, shoga."

"Kwa hiyo nijisifu kama jogoo?"

Gurmeet akatabasamu. Kwao msichana akisifiwa chapati, husema unga ndio mzuri, na hajatokea mtu akauamini unga.

"Sema asante, nimeandika mwenyewe. Basi. Haya, jaribu."

Simrat akageukia dirisha. Akayasema maneno hayo kwa Kiingereza, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, mpaka kondakta akageuka kumtazama.

"Ehee! Umeweza, mwenzangu!" Mwenye miwani alipiga makofi, na kwa furaha akamsifu kwa Kipunjabi, kama wasifiwavyo nyumbani.

"Aa, wapi!" Simrat akainamisha kichwa. "Si mimi huyo, ni wewe."

Basi likasimama langoni mwa chuo.