Lebo ya Tatu ya Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu, ambaye kazini walimwita Mzee Lebo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Utotoni kazi yake dukani kwa baba ilikuwa kutenga vifungo kwenye makopo. Ole wako uvichanganye!

Alimaliza sekondari mwaka 1987, akasomea hisabati chuo kikuu na kuhitimu 1992.

Mwaka 1995 aliajiriwa kuandika programu za maabara ya hospitali. Alikuta kipimo ambacho hakijafanyika kinaonyesha sifuri, na madaktari wanaichukua sifuri hiyo kuwa jibu. Alikuja juu, akaandika yote upya. Kila jibu likapewa lebo moja kati ya tatu: ya Tayari ilibeba namba, ya Imeharibika ilibeba sababu, ya Bado haikubeba kitu. Ukisahau kuiandikia lebo mojawapo jambo la kufanya, mashine inagoma kuendesha programu. Vijana wa kazini walipolalamika kwamba anawachosha, aliwauliza tu, "Na ya tatu umeiweka wapi, mwanangu?"

Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1999 na mwalimu wa chekechea, mcheshi kweli kweli. Mwaka 2008 wifi yetu aliaga kwamba anakwenda kusoma ng'ambo, na baada ya muda simu zikakatika. Hawakuachana, wala hakurudi. Kaka hakumsema vibaya hata siku moja, lakini nyumba ilimwelemea. Alikula amesimama jikoni, redio ikijiongelea sebuleni.

Hapo ndipo alipoandika programu ndogo ya taa ya mlangoni. Mkewe aliwekewa lebo tatu: Yupo, Njiani, Harudi. Akiwa Njiani, taa iwake kila jioni. Ya tatu hakuiandikia kitu, na mara hiyo aliiamuru mashine ionye tu, isigome. Dada yake mmoja alipomtembelea aliliona onyo kwenye skrini, akamtania: "Haya kaka, na ya tatu umeiweka wapi?"

Hakucheka. "Hiyo niachie, mdogo wangu," alisema.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Alifariki hospitalini tarehe 17 Agosti 2024, wakati dada yake huyo amekwenda kumletea shuka safi. Alikuwa peke yake, na hilo linatuuma sana.

Ametuacha sisi dada zake, wapwa wawili, na mke. Tulibishana kama huyu wa mwisho tumtaje. Tumemtaja kama alivyomwandika mwenyewe: Njiani.

Pumzika, kaka. Taa hatutaizima.