Kapteni Apata Vishale Vipya

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu mkuu wa ukataji karatasi alivua aproni yake ya bluu, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja shuka la mgeni, akastaafu. Hapa kwenye kiwanda chetu cha uchapaji jina lake la kwenye kitambulisho halina kazi. Mkurugenzi humwita Kapteni, mlinzi wa getini humwita Kapteni, na hata mumewe akipiga simu ya ofisi huuliza kama Kapteni ameshakula.

Alianza kama kibarua wa kufunga vifurushi, binti mwembamba ambaye rimu chache za karatasi zilimfunika hadi kidevuni. Msimamizi wa wakati ule hakuamini kwamba mwanamke angeweza kusimama kwenye mashine ya kukata, ile yenye kisu kipana kama mlango. Siku fundi wa zamu alipougua, msimamizi hakuwa na ujanja. Kapteni alikata vitabu vya shule kutwa nzima. Jioni msimamizi akapita na rula, akapima huku, akapima kule, akairudisha rula mfukoni, akaenda zake. Kesho yake alimkuta tena mashineni, akampita kana kwamba alikuwa amesimama pale tangu kiwanda kijengwe.

Msidhani alikuwa malaika. Kuna wakati alikata kadi za harusi zikatoka nyembamba kuliko zilivyoagizwa, shehena nzima. Wengine tungetafuta wa kumsingizia. Yeye alipiga simu kwa bibi harusi mwenyewe, akamwambia, "Mwanangu, nimekuharibia kadi, njoo unigombeze ana kwa ana." Binti alikuja amefura. Alipoziona akazipenda, akasema zinaingia vizuri kwenye mkoba, na Kapteni akaalikwa harusini akakalishwa meza ya mbele.

Wanafunzi wake wametawanyika viwanda vingi, na hakuna hata mmoja aliyepoteza ncha ya kidole mikononi mwake. Aliyesogeza mkono karibu na kisu alisikia sauti iliyovuka kelele za mashine zote: "Vidole ni vya mama yako! Mrudishie vyote!"

Cheo cha ukapteni hakikutoka kwenye karatasi. Kilitoka kwenye chumba cha mapumziko, ambako kulikuwa na ubao wa mchezo wa vishale, ule wa duara wa kulenga shabaha, ambao watu walitundikia makoti. Siku moja umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, na Kapteni akaondoa makoti akaanza kurusha. Hadi umeme uliporudi, alikuwa ameshaambukiza idara nzima. Baadaye tukaunda timu, tukawa tunacheza na jirani zetu wa kiwanda cha sabuni. Nahodha wao ni baba mmoja mnene, mcheshi, mwenye mazoea ya kubusu kishale kabla ya kukirusha. Kapteni alimfunga mara nyingi kiasi kwamba yule bwana alianza kumwita shemeji, akitumaini atahurumiwa. Hakuhurumiwa.

Kisha, mwaka juzi, kiharusi kikampiga asubuhi akiwa anavaa viatu vya kuja kazini. Mungu alimnusuru. Alipona mguu, akapona maneno, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, hautaki kushika kitu kidogo. Mashine ya kukata inataka mikono miwili iliyo hai, kwa hiyo alirudi kwenye meza ya kukagua karatasi zilizochapwa. Hakulalamika. Ila siku ya kwanza ya kurudi kwake alifungua kabati lake, akatoa vishale vyake vya miaka yote, akamgawia dereva wa gari la mizigo. Baada ya hapo, tukicheza vishale, yeye alikuwa na simu ya kupiga nje.

Ndiyo maana kamati ya kumuaga ilipokutana kutafuta zawadi, chumba kiligawanyika. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mfunga vitabu tu, alitaja vishale. Mhasibu wetu aliweka kalamu chini.

"Unampa vishale mtu ambaye mkono wake umelala? Si ni kumtonesha kidonda mbele za watu?"

"Sasa tumpe nini?"

"Saa ya ukutani."

"Ili aangalie muda unavyokwenda?"

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mhasibu hakuwa mkorofi. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea Kapteni uji hospitalini, na alimwona akilia siku aliposhindwa kufunga kifungo cha gauni. Alihofu asije akaumia moyo. Wote tulihofu hivyo, na kikao kikafungwa bila uamuzi.

Aliyetutatulia hakuwa mwanakamati. Alikuwa mama msafishaji, aliyekuja kulalamika kwamba ukuta wa chumba cha mapumziko unaliwa. Kila akifagia anakuta unga wa plasta sakafuni, na ukuta una vitundu kandokando ya ubao. Alidhani ni mdudu. Saa ya chakula, watu wote wakiwa kantini, mfunga vitabu alikwenda kumtafuta huyo mdudu. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Kapteni alikuwa amesimama mbele ya ubao peke yake, mkono wa kulia umening'inia, na kwenye mkono wa kushoto ameshika kishale kibovu cha timu chenye mabawa yaliyochanika. Akarusha. Kikagonga ukuta. Akakiokota, akautazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mtoto mtukutu, akauambia, "Wewe mtoto wa kambo, kila siku ulikuwa unakula bure tu. Leo ni zamu yako." Akarusha tena. Ukuta. Akacheka, cheko la kweli la kutoka tumboni, akaokota tena.

Mfunga vitabu alirudi kinyumenyume kwa vidole vya miguu. Mhasibu alipoelezwa alipangusa miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi, halafu akasema, "Basi visiwe vishale vya mchezo mchezo. Viwe vizuri kabisa."

Jumamosi tukaenda wawili hadi duka la vifaa vya michezo. Mhasibu alielekea moja kwa moja kwenye kabati la kioo, akaonyesha vile vilivyong'aa kupita vyote, vyenye rangi ya dhahabu. Muuza duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuvigusa.

"Nani anarusha?" akauliza.

"Mwenzetu. Anastaafu."

"Anarusha kwa nguvu au kwa upole?"

Tukatazamana. Mhasibu akajikaza, akauliza kama kuna vishale vya watu wa mkono wa kushoto. Mzee akacheka hadi miwani ikashuka.

"Dada yangu, kishale hakina habari ya mkono gani. Kina habari ya uzito, na mshiko, na kama ndugu zake wawili wanafanana nacho."

Akatufundisha papo hapo. Aliviviringisha vile vya dhahabu juu ya kioo, na kimoja kikayumba kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Alivipima kwenye mizani ndogo, na havikulingana. "Hivi ni vya kupamba sebule," akasema. Akatoa vya shaba, vinene na imara, vya mtu anayejifunza. Akatoa na vyembamba vya madini mazito zaidi, ambavyo vitatu vinaweza kukaa karibu karibu ubaoni bila kusukumana. Vingine viwiliwili vyake vilikuwa laini kama kijiko, vingine vimechongwa mistari ili visiteleze. Tuliposema mrushaji amepata kiharusi na anajifundisha upya, mzee aliacha mzaha. Alituambia zawadi ya namna hiyo haichaguliwi na mtu mwingine. Lazima mkono wenyewe uulizwe.

"Lakini asijue," mhasibu akasema.

"Basi nitakuja mimi."

Jumanne, saa ya chakula, mzee aliingia kiwandani na mkoba, akatambulishwa na mhasibu kuwa ni wakala wa wino. Kwa nini wakala wa wino alikuwa na aina tatu za vishale mkobani, hakuna aliyejitayarisha kueleza. Alivipanga mezani na kusema ni mapenzi yake tu, yeyote anayetaka ajaribu. Tukajaribu, mmoja mmoja, tukijifanya wenye furaha. Kapteni alikaa pembeni na kikombe chake.

"Na wewe Kapteni?" mhasibu akamwita.

"Mimi mkono wangu umetangulia kustaafu."

Tuliona mpango mzima unazama. Ndipo mama msafishaji, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, akasema bila hata kupunguza sauti, "Kama umestaafu, hayo matundu ukutani kwangu ni ya nani?"

Kapteni aligeuka taratibu. Alimtazama mama msafishaji, akatutazama sisi, akaona nyuso zetu zilivyo, akajua kwamba tunajua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kumbe mnanichunguza kama mwizi," akasema, akanyanyuka.

Alianza na vile vinene vya shaba. Kimoja kikaenda ukutani, na hakuna aliyethubutu kucheka hadi alipocheka yeye. Vyembamba laini vilimponyoka, kimoja kikaangukia karibu na kiatu cha mkurugenzi, ambaye alikuwa ameingia kutafuta sukari. Vya tatu vilikuwa vya uzito wa wastani, vyembamba, vyenye mistari ya kukwaruza vidole. Alivishika, akavigeuzageuza, akarusha. Cha kwanza kikaingia ubaoni. Cha pili kikaingia ubaoni. Cha tatu kikakaa jirani na kitovu, kikatikisa mabawa yake na kutulia.

Hakushangilia. Alivichomoa kimoja kimoja, akamrudishia mzee. "Bwana wino," akasema, "hivi vyako vina adabu. Ukipata mtu anayetaka kumnunulia mwenzake zawadi, mwambie anunue hivi." Akachukua kikombe chake, akatoka. Mhasibu alibaki ameshika mdomo, hajui kama acheke au alie, akafanya yote mawili.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika kantini, meza zikiwa zimesogezwa ukutani. Mkurugenzi alisoma hotuba fupi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa zawadi. Kapteni alifungua kisanduku cha zawadi, akavikuta vile vyembamba vyenye mistari, akaigiza mshangao vibaya sana, watu wakavunjika mbavu. Jirani yetu wa kiwanda cha sabuni alikuwa amealikwa pia, na Kapteni akamwita ubaoni. Yule bwana, kwa wema, akahamishia kishale chake mkono wa kushoto.

"Shemeji," Kapteni akamwambia, "usinitukane. Rusha na mkono wako wa kila siku."

Akarusha na mkono wake wa kila siku, baada ya kubusu kishale kama kawaida, akamshinda. Alimshinda waziwazi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na akasimama pale hajui pa kuuweka ushindi wake. Kapteni alimshika mkono, akautikisa kwa nguvu. "Jizoeshe," akamwambia. "Raha hiyo hukai nayo sana. Tukutane mwezi ujao, ubao nitauning'iniza barazani kwangu."

Jioni mumewe alikuja kumchukua. Akapewa maua ayabebe, akapewa na kapu la vyombo, akanyoosha mkono kukipokea kisanduku pia. Kapteni alimkatalia. Njia nzima kutoka kantini hadi getini watu walijipanga kumpa mkono, naye akawapa wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, mashine kwa mashine. Kisanduku alikibana kwa mkono wa kulia, vidole vimekizunguka polepole, kimoja kimoja, na havikukiachia hadi gari lilipoondoka.

Kapteni, kwa niaba ya wafungaji, wachapaji, wakaguzi, wahasibu na mama msafishaji, ambaye ameomba tuseme kwamba ukuta umezibwa na amekusamehe: asante kwa kazi, asante kwa vidole vyetu vyote. Pumzika unapotaka, rusha unapotaka. Uwe na afya, uwe na wageni wa kukuchosha kwa mazungumzo, na nyumba yako isikose kicheko. Tunakutakia siku ndefu na njema.