Nchi Aliyobakisha Judy

Maskani yetu iko Magongo, kando ya barabara ya uwanja wa ndege: benchi mbili na dele la kahawa la Phoebe. Ndege zikishuka hupita juu yetu chini chini, mazungumzo yakakatika, tukangoja, tukaendelea. Jioni ile alikuwepo Oduor, tuliyempa jina la Makontena kwa sababu amefanya kazi bandarini na nchi zote azijua kwa maandishi ya ubavuni mwa makontena. Alikuwepo Elkana Rubani, ambaye hajapanda ndege maishani mwake. Ni bawabu wa uwanja. Na mzee Changawa, na zile nywele zake. Mkewe alizikwa Kaloleni mwaka jana. Katika ukoo wao kifungua mimba hunyolewa kwanza, kisha baba, ndipo matanga yaishe. Kifungua mimba ni Judy, muuguzi huko Ujerumani, na hakuja. Wazee walitaka mdogo wake anyolewe kwa niaba yake, Changawa akakataa. Nywele sasa zimemfunika masikio.

Changawa alituwekea simu katikati ya benchi, tusikilize ujumbe wa sauti wa Judy.

"Baba, shikamoo. Ufaransa nimekwenda, Uhispania nimekwenda, Italia mara mbili. Likizo hii nataka nchi ya Ulaya ambayo watu hawajaizoea. Nichagulie wewe."

— Haya, nisaidieni, akasema Changawa. Mwana ameniuliza mimi.

Alisema hivyo kwa fahari, nami nikaona uchungu. Judy nilimpenda alipokuwa mdogo. Siku hizi simpendi.

— Albania, akasema Makontena. Miaka yote bandarini sijaona kontena lao hata moja. Watu wasiouza kitu nje wanakula wenyewe. Huko ni kushiba tu, buda.

— Labda hawana kitu, nikamwambia.

— Wanacho. Wanakificha.

— Aende Aislandi, akasema Elkana. Wakati wa kiangazi jua halizami. Hoteli ya nini na usiku haupo? Atembee tu mpaka likizo iishe.

— Atalala wapi?

— Kulala ni mazoea, bwana. Wale wenyeji hulala miezi ya giza, wakaamka wakiwa wamemaliza usingizi wa mwaka mzima.

— Kwani ni popo? akauliza Phoebe akimimina.

— Na tena, Elkana akaendelea, kwa baridi ile mtu hazeeki. Ukimwona bibi wa huko, utamchumbia.

Tukacheka. Changawa hakucheka. Alikuwa akikizungusha kikombe chake.

— Katika nchi zote za Ulaya, ni ipi iliyo karibu na huku?

— Huku wapi, mzee?

— Huku kwetu.

Makontena akakohoa. Elkana akatoa simu yake, akaivuta ramani kwa kidole.

— Ni Saiprasi. Iko chini kabisa. Ukivuka maji kidogo wakuta Misri.

— Na Misri ni Afrika.

— Ni Afrika.

— Basi akishafika hapo, akasema Changawa, atakuwa ameshakaribia. Mtu akishakaribia kwao hata moyo humvuta. Si ataona heri amalizie safari?

Ndege ikapita, kubwa, taa zote zimewaka, nasi tukainua vichwa.

— Hiyo yatoka wapi? akauliza Changawa.

Nilimkanyaga Elkana mguu, lakini yule kwa habari za ndege hajizuii.

— Ujerumani. Huja moja kwa moja. Wazungu wamemaliza nchi zao, sasa wanakuja kwetu kupumzika.

Changawa aliitazama mpaka ikazama nyuma ya mapaa. Kisha akashika simu, akaiweka karibu na mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Nenda Saiprasi. Wenzangu hapa wasema ni pazuri, tena ni karibu. Sisi hatujambo. Mamako... kule kwa mamako tumepalilia."

Akatuma. Akatugeukia.

— Nimesema vizuri?

— Umesema vizuri, mzee, nikamwambia. Matusi niliyoyameza hayakuwa yake, yalikuwa ya Judy.

Ndipo akaja kijana mmoja, mashine ya kunyolea mkononi. Alisema anaitwa Bonface, amehamia kutoka Kakamega, na kibanda chake cha kunyolea amekifungua leo pale nyuma ya duka la unga. Akatusalimu sote kwa adabu, mmoja mmoja, akafika kwa Changawa.

— Mzee wangu, leo ni siku ya kwanza, wazee nawanyoa bure. Na wewe nywele zimejaa kweli. Unangoja nini?

Makontena akainamia viatu vyake. Elkana, mwenye jibu la kila kitu, akaitazama barabara. Changawa alijishika kichwa, akazipapasa nywele zile mpaka kisogoni.

Phoebe alilinyanyua dele ammiminie tena mzee. Halikutoa kitu.