Mauzo Yetu Yote kwa Jina la Bi Ghaniya

Mgeni rasmi, Ustadh Yaarub, ofisa wa kodi, wazee wetu, na akina mama mliotoka Sur na Nizwa: assalamu alaykum. Sisi wauzaji wa Ibra tunakushukuru, Ustadh, kwa kuja kutufundisha. Laiti somo hili tungelitafuta wenyewe miaka miwili nyuma.

TULIVYOANZA

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na chake nyumbani: bukhuri za kufukizia, achari, kofia za kushona kwa mkono, papa mkavu wa pwani ya Ashkhara. Mwenye leseni ya biashara alikuwa mmoja tu, Bi Ghaniya binti Thabit, mwalimu aliyestaafu. Akatwambia, "Wekeni vitu vyenu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, shoga zangu. Kwa nini kila mtu ahangaike?" Hakutukata hata baisa moja.

TULIYOYAPATA

Ukurasa ule ulitupatia wateja mpaka Maskati. Kwenye maonyesho ya Nizwa na Sur tulikodi meza moja kwa jina lake, tukalipwa kwa mashine yake ya kadi, na yeye akamgawia kila mtu haki yake. Mwenzetu Wasan alimlipia mwanawe ada ya chuo, mwaka mzima.

YALIYOMFIKA BI GHANIYA

Mgeni rasmi, wewe unaijua sheria: muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita riali thelathini na nane elfu na mia tano lazima ajisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Hapana hata mmoja wetu aliyekaribia hapo. Lakini sote pamoja, ndani ya jina moja, tulipita.

Binti yake, Wiam, alituonya. "Mama zangu, mbele ya serikali mauzo haya ni ya mama peke yake. Twendeni tukaulize." Tukamcheka. Tukasema kodi ni ya wenye maduka, sisi twauza kwenye simu.

Barua ikaja: kodi ya nyuma, na faini juu yake. Wateja hatukuwatoza kodi hiyo, basi ilibidi itoke mfukoni mwake. Akatuita kwake, akatutilia kahawa, akauliza, "Haya, tufanyeje?"

Mimi Lamees, ninayesoma risala hii, ndiye niliyemjibu: "Bi Ghaniya, leseni ni yako."

Wenzangu wakainamia vikombe vyao. Yeye akaendelea kutumiminia kahawa. Wiki ile akauza bangili zake za arusi, akalipa, akafunga leseni.

Miezi minne hatukukanyaga kwake kwa aibu. Tulipokwenda, tulimchukulia fungu la kila mtu katika kodi na faini ile. Alilipokea, akalihesabu, akamwandikia kila mmoja risiti. Nikamwambia, "Nisamehe." Akanijibu, "Nimekusameheni nyote. Lakini biashara na nyinyi, basi tena."

HALI YETU NA MAOMBI

Sasa kila aliyebaki ana leseni yake na anaandika mauzo yake. Wanne wameacha kabisa, maana bila ya Bi Ghaniya hawakuweza.

Hatuombi kusamehewa kodi, wala faini irudishwe, Bi Ghaniya mwenyewe katukataza. Tunaomba kabla ya kila maonyesho aje mtu atueleze wazi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, kwani baadhi ya mama zetu waliokulia Unguja, barua za serikali haziwaingii. Tunaomba pia namba ya simu ya mtu wa kumuuliza. Na huko Sur na Nizwa wako wengine wanaouza kwa jina la mtu mmoja, kwa wema wake. Tafadhali, wafikieni kabla ya barua.

Bi Ghaniya tulimwalika leo. Akatuma neno: "Nitajeni kwa jina, wapate kujua. Lakini mimi siji."

Mwenyezi Mungu akupe afya na wepesi katika kazi yako, Ustadh, amrudishie Bi Ghaniya kwa kheri zaidi ya alichokitoa, na atujaalie kutimiza haki za watu kabla hatujadaiwa.

Ni sisi,
Akina Mama Wauzaji wa Nyumbani, Ibra.