Zamu ya Kukaa Mlangoni Pangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aliyenitoa nyumbani asifiwe tena!

Hapa Kasenga mnajua nilivyokuwa. Wakati wa uasi tulikimbia, mimi na mume wangu tu, na kwenye njia ya Runingu watu wenye silaha wakamchukua. Aliniambia nitangulie, atanikuta nyumbani. Niliporudi hapa kwetu Uvira niliingia ndani, sikutoka tena. Nikikanyaga nje ya ua, moyo unapiga, macho yanaona giza. Nyimbo zenu nilizisikia kwa mbali, nikalia, maana nilitamani sana kuimba pamoja nanyi.

Mungu akamleta Munganga Yakobo, muuguzi wa wagonjwa wa akili. Alinifundisha kuuzoea woga kidogo kidogo: leo mlangoni, kesho njiani, nisimame palepale mpaka moyo utulie. Haba na haba hujaza kibaba. Nilifika hadi kwa fundi wa baiskeli. Hapo nikakwama. Moyo ulitulia kabisa, lakini kila mara niligeuka nikakimbia nyumbani. Fundi alinitania kwamba nimeacha sufuria motoni.

Siku moja Yakobo akauliza, "Mama, hapa unaogopa nini tena?"

"Hapa siogopi. Lakini bwana yangu akikuta nyumba haina muntu, atafikiri nilikufa."

Akasema, "Basi hii haiko woga, mama. Dawa yangu haifiki pale." Akaenda kuongea na mke wa mchungaji.

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua: nyumba yenye kilio haiachwi peke yake. Mimi nilikataa kulia matanga ya mtu ambaye sijaona amekufa. Mama Mchungaji hakunibishia. Jumapili asubuhi alikuja na mkeka, akakaa mlangoni pangu.

"Weye enda kanisa," akasema. "Akikuya, nitamupa maji ya kunywa, nitamuambia uko unaimba."

Nikaenda! Nilimpita fundi wa baiskeli bila kugeuka.

Mume wangu hajarudi. Soko bado linanishinda. Lakini nina furaha, na Jumapili zote naimba nanyi. Hata sasa ninaposema, mama mmoja wa kanisa hili amekaa kwenye mkeka ule. Wewe uliyejifungia, mtegemee Bwana, atakutumia mtu wa kukaa mlangoni pako. Na ninyi wengine, zamu ya Jumapili ijayo bado haina mtu.