Sikio la Namba Kumi na Sita

Mheshimiwa Meya, Bwana Meneja wa Reli, mafundi wenzangu wa karakana ya Calafatal, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliosimama kule nyuma mkipigwa na upepo wetu wa Patagonia: habari za mchana.

Mmeniaga vizuri, na nimeguswa. Bamba hili la shaba linasema: "Kwa Evaristo Cayupán, Sikio la Reli, mtunza sauti ya Namba Kumi na Sita." Meneja amewaambia kwamba filimbi ya kichwa hiki kikongwe cha treni haifanani na nyingine yoyote kwenye reli yetu nyembamba, na kwamba aliyeilinda ni mimi. La kwanza ni kweli. La pili siwezi kwenda nalo nyumbani, maana mimi ni kiziwi.

Msicheke. Nyundo za boila zilimaliza masikio yangu miaka kumi na moja iliyopita. Nikajifunza kusoma midomo, nikanyamaza, kwa kuogopa kuondolewa kazini. Mwaka uleule filimbi ya zamani ilipasuka, nikachonga mpya kwa vipimo vilevile, na karakana nzima ikanipongeza. Safari ya kwanza tu, kilomita ya kumi na mbili, Bi Hortensia Ñancufil, mfuga mbuzi, akasimama katikati ya reli na ufagio wake.

"Wewe Roque!" alimfokea dereva. "Huyu si Kumi na Sita! Analia kama mbuzi aliyebanwa na mlango! Mbuzi wangu hawamjui, wamejilalia tu relini!"

Nilishuka kumtuliza. Akaniona ninavyomkodolea macho mdomoni. Akageuza uso pembeni, akasema neno. Nikatabasamu: "Asante sana, mama."

Roque alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeitwa punda.

Bi Hortensia hakucheka. Alinishika mkono, akasema polepole ili nimwone: "Tangu lini, mwanangu?" Nililia palepale, mbele ya abiria.

Tangu siku hiyo, kila nilipogusa nati ya filimbi, tulipita kwake kuijaribu. Akiinua kitambaa chake cheupe, ni kali mno. Akikishusha, ni nzito mno. Akikiweka kifuani, basi, ndiyo yenyewe. Siri yangu ameitunza miaka kumi na moja, yeye na Roque, bila kunidai hata shukrani.

Nawauliza, waheshimiwa: sauti ya treni ni ya nani? Ya fundi aliyeichonga? Ya dereva anayevuta kamba? Au ya yule anayeijua hata mbuzi wake wakaondoka njiani salama? Na inakuwaje leo mama huyu ameitwa hapa kukaanga maandazi, wakati viti vya mbele vina nafasi?

Bi Hortensia, acha sufuria, njoo. Bamba hili ni lako. Jina watalibadilisha, Meneja ni mtu mwelewa.

Sasa Roque atavuta kamba. Ninyi sikilizeni. Mimi nitamtazama Bi Hortensia. Kitambaa kisipofika kifuani, nirudishieni ovaroli yangu, leo sistaafu.

Kwa wema wenu wote nawashukuru. Asanteni kwa kunisikiliza, ninyi mnaosikia.